Mzee Aliyesoma Mzaha Wangu Bila Kucheka

Watu hudhani dereva kazi yake ni kuendesha gari. Kuendesha ni sehemu ndogo tu; kazi yenyewe ni kungoja. Bosi wangu ana ofisi Al-Murabba, hapa Riyadh, na mimi namfikisha asubuhi, kisha nakaa ndani ya gari kiyoyozi kikinguruma hadi atoke aseme yalla, twende. Wenzangu hulala. Wengine hupiga simu nyumbani hadi vocha iishe. Mimi niliamua kuandika, kwa sababu nina mdomo, na ndani ya gari hakuna wa kugombana naye.

Nilikuwa na ukurasa wangu mtandaoni. Haukuwa mkubwa. Waliousoma ni Wakenya waliotawanyika Riyadh na Jeddah, pamoja na jamaa zao nyumbani. Mambo ya hapa sikuyagusa. Ikama yangu, kibali changu cha kuishi huku, naipenda. Niliandika ya kwetu, na katika ya kwetu hakuna aliyenikera kama mtangazaji mmoja wa kipindi cha asubuhi redioni, mtu mwenye sauti nzito na hasira ya kila siku. Kipindi chake kilipatikana pia mtandaoni, kwa hiyo hata vyumba vyetu vya Al-Shumaisi viliamka naye. Kwake yeye, hakuna tatizo la nchi ambalo chanzo chake si mwanamke aliyetoka nyumbani. Wanasiasa walimpenda sana, maana kila waliponaswa kwenye kashfa, siku hiyo yeye alizungumzia sketi. Wakati ninaousimulia alikuwa amepata wabunge wawili watatu wa kumuunga mkono, na wote wakawa wanadai kwamba mwanamke aliyeolewa asipande ndege kwenda kufanya kazi Uarabuni bila barua ya mumewe.

Niliandika kwa kujifanya yeye. Nilichukua maneno yake, nikayasogeza mbele kidogo, nikayaacha hapo watu wayaone. Maoni yaliyofuata chini yake ndiyo yaliyonishibisha mchana kutwa. Kuna waliocheka. Kuna waliomtukana mama yangu, ambaye hajui hata ukurasa wa mtandao ni kitu gani. Mmoja aliuliza kila mara kama bosi wangu hana nafasi ya dereva, na mwingine aliuza dawa ya tumbo. Lakini walionikasirisha kwa kweli ni wale walioandika "Amina mtumishi" na "Hatimaye mtu amesema ukweli". Niliandika kwamba mashimo barabarani yanatokana na akina mama kutokuwepo nyumbani kuyaangalia, na mwanamume mmoja, kwenye picha yake amevaa tai, akajibu kwamba hata kwao ni hivyo hivyo. Nilimjibu kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa.

Chumbani tulikuwa wanne. Wawili walifanya kazi za zamu, na niliwajua zaidi kwa viatu vyao kuliko kwa sura. Wa nne tulimwita mzee. Hakuwa mzee hivyo, alikuwa na mvi za kando tu, lakini yeye ndiye aliyetuongoza katika sala ya Ijumaa, ambayo huku ndiyo Jumapili yetu sisi Wakristo, mlango umefungwa na sauti zimeshushwa. Alikuwa mlinzi wa jengo moja Al-Murabba, karibu na ofisi ya bosi wangu. Mtu mnyoofu. Hakopi, hasengenyi, hachelewi zamu, na hacheki. Sisemi alikuwa na roho mbaya. Mzaha ulimpita tu. Ukimwambia leo jua limeamua kutupika, anakujibu kwamba jua haliamui.

Mzee alimpenda yule mtangazaji, na sote tuliijua sababu. Mkewe alikuwa Jeddah. Yeye alipokuja Riyadh alimwacha nyumbani na watoto watatu na kibanda cha mboga. Baadaye mama yule akazungumza na wakala, akawapeleka watoto kwa mama yake mzazi, na mumewe alipopata habari, mkewe alikuwa tayari ndani ya nyumba ya watu mtaa wa Al-Hamra, amevaa sare ya kazi. Mzee alikasirika. Hakumtukana, hana matusi. Alichofanya ni kumtumia kila asubuhi kipande cha maneno ya mtangazaji, bila kuongeza neno lake mwenyewe hata moja. Mama alimwomba aache. Kisha wakagombana. Mwishowe mama akamfungia simu, ujumbe wake usimfikie, na tangu hapo habari za mke zilimfikia mume kupitia kwa watoto. Kwa njia hiyo hiyo alisikia kwamba mkataba wa mkewe ukiisha, mkewe atakwenda kuishi kwa mama yake mzazi pamoja na watoto, na nyumbani kwa mzee hatarudi.

Hilo lilimla. Alikonda, na bado kila asubuhi alifungua kipindi, na kila asubuhi mimi na yeye tukagombana juu ya chai.

Simu ya mzee ilikuwa imekufa spika ya kuweka sikioni. Ilitoa sauti kupitia spika kubwa tu, kwa hiyo chumba kizima kilishiriki maisha yake, tutake tusitake. Nalisema hili mapema ili msidhani nilikuwa natega sikio mlangoni.

Sasa, wasomaji wangu wazuri kuliko wote walikuwa wanawake wa Jeddah, na wengi wao hawakuwa wanasoma. Mfanyakazi wa ndani akionekana jikoni ameinamia simu, madam anaichukua na kuifungia kabatini. Lakini akipiga pasi huku waya umepita chini ya mtandio hadi sikioni, hakuna anayejua kama anasikiliza Kurani, mahubiri au umbea. Kwa hiyo walikuwa na kikundi chao cha simu, mtu mmoja anasoma kwa sauti na kurekodi, wengine wanasikiliza wakikunja nguo. Walisomewa matangazo ya ubalozi, mapishi, mistari ya Biblia, na mimi. Aliyekuwa akiwasomea makala zangu ni dada mmoja wa Mombasa. Mkataba wake ulipoisha akarudi kwao, na wenzake wakaniandikia nisome mwenyewe.

Nilijaribu. Sauti yangu ni nyembamba, na nikikaribia mahali pa kuchekesha naanza kucheka kabla yao. Majibu yalikuwa mafupi.

"Kaka, wewe andika tu," mmoja akanitumia.

Mzee alikuwa na sauti. Hata akiomba chumvi ungedhani anafungua mkutano wa injili. Basi Ijumaa moja baada ya chai nilimpa simu yangu, nikitegemea kwa kweli kwamba atanifokea, maana nilitaka tugombane kidogo.

"Soma hii, mzee," nikamwambia. "Inamhusu mtangazaji wako."

Makala yenyewe ilikwenda hivi:

"Ndugu wasikilizaji, taifa hili halikuangushwa na wezi. Limeangushwa na mwanamke aliyepanda ndege kabla ya kuosha sufuria. Hospitali hazina dawa, nami nauliza, ni nani zamani aliyekuwa akichemsha mwarobaini? Mwanamume aliye Uarabuni ametafuta. Mwanamke aliye Uarabuni ametoroka. Ndege ni ile ile, mlango ni ule ule, lakini Mungu anajua nani amekaa kiti gani. Hata hivyo pesa anazotuma zipokelewe, kwa sababu pesa haina dhambi, ila aliyeituma. Napendekeza kila uwanja wa ndege uwekwe jiko. Mwanamke asonge ugali mbele ya afisa wa uhamiaji. Ukiwa mbichi, arudi nyumbani akajifunze. Ukiwa umeiva vizuri, arudi nyumbani, maana mwanamke kama huyo hatuwezi kumpoteza."

Mzee alivaa miwani akasoma kimya, midomo ikicheza. Alipomaliza alivua miwani akaifuta, na macho yake yalikuwa na maji.

"Sasa ndio umeandika," akasema. "Nilijua tu siku moja Mungu atakufikia."

Nilimtazama nione kama ananirudishia mzaha. Nilikuwa nimesahau nazungumza na nani.

"Na hapo kwa ugali, mzee?"

"Hapo umezidisha kidogo. Lakini hoja naiona."

Sikumsahihisha. Mwandishi wa mzaha anahangaika miaka kumtafuta mtu anayeweza kuusoma bila kucheka, na mimi nilikuwa naye kitanda cha pili. Nikamuuliza kama anaweza kuwarekodia dada zetu wa Jeddah. Alikubali mara moja. Alisimama, akafunga vifungo vya shati, akasafisha koo. Mimi nilishika simu kwa mkono mmoja na kwa mwingine nikajiziba mdomo kwa taulo. Aliposema "mwanamume ametafuta" alijigusa kifua. Aliposema "ametoroka" sauti ilikatika kidogo, na hilo halikuwa la kuigiza.

Jeddah ni kubwa, na haikunijia kabisa kwamba mke wake anaweza kuwa katika kikundi kile. Yeye, nadhani, ilimjia. Nadhani ndiyo sababu alifunga vifungo.

Kabla ya alasiri simu yangu ilikuwa inatetemeka mezani bila kupumzika. Mzee akataka kusikia wamesemaje. Nami nilitaka asikie, sijui kwa nini, labda ni ule upumbavu wa kutaka kila mtu aone nimependwa. Nikaanza kuzifungua sauti moja moja.

"Woi, haki huyu mzee ataniua! Pale kwa ugali nimeunguza kanzu ya baba mwenye nyumba."

"Mmemtoa wapi huyu? Anasoma serious kabisa, hacheki hata kidogo! Ni talanta hiyo."

"Mwambieni arudie ile ya ndege. Nimemsikiza mara tatu, madam anadhani nimeingiwa na jini."

Mzee alisikiliza tatu, nne, tano. Uso wake haukubadilika.

"Wanacheka nini?" akauliza.

Nikamweleza. Nilimweleza polepole kwamba maneno ni ya mzaha, kwamba nimeyaandika kumkejeli mtangazaji, kwamba ndivyo ninavyoandika siku zote. Nilijisikia ninavyojikanyaga. Mzaha ukiuelezea unakuwa kama chai iliyopoa, na pale mbele yake ulikuwa hata haunyweki.

"Kwa hiyo mimi ndiye wanayemcheka."

"Hapana mzee, wanamcheka yule mtangazaji."

"Sauti ni ya nani?"

Hakunifokea. Alichukua kofia yake ya kazi akaenda kazini zamu ikiwa bado mbali. Siku zilizofuata alinisalimu na kuishia hapo. Jambo moja tu aliniomba: nimtumie ile rekodi. Nikamtumia, na kwa kuwa simu yake ni ile isiyojua siri, tulimsikia akijisikiliza. Aliifungua asubuhi mahali pa kipindi cha redio. Aliifungua akifunga viatu. Ilipofika "ametafuta" aliisimamisha, akairudisha nyuma, akaisikiliza tena. Sikuthubutu kuuliza anatafuta nini humo.

Kisha mke akatuma sauti. Mzee alikuwa ameketi kitandani anakunywa chai, nami napiga pasi shati la kazi. Simu ikalia, akabonyeza bila kuangalia ni nani, na sauti ya mwanamke ikajaa chumbani.

"Baba watoto, ni mimi. Nilikusikia nikipiga pasi. Mwanzo nilidhani ni kile kipindi chenyewe, nikataka kutoa waya. Halafu nikajua ni wewe, na wenzangu wanacheka, nikaelewa. Sikujua kama unaweza. Nilicheka hadi madam akaja kuuliza kama mimi ni mgonjwa, nikamwambia mafi mushkila, hakuna shida, madam. Nilikuwa nimeamua mkataba ukiisha naenda kwa mama na watoto, na nyumba yako nakuachia. Lakini mtu anayeweza kumcheka yule mtu, huyo naweza kuongea naye. Nimekufungulia simu. Ukipata nafasi, niongeleshe."

Mzee aliweka kikombe chini, na kikombe kikakosa meza. Hakuna aliyeinuka kufuta chai.

"Anadhani nilikuwa nacheka," akasema.

"Ndiyo."

"Nikimwambia sikuwa nacheka?"

Mimi sina ustadi wa kupamba. "Anaweza kukufungia tena, mzee. Na safari hii huenda ikawa halas, mwisho kabisa."

Nilihisi vibaya kwa ajili yake, tena vibaya kweli kweli, kwa sababu nilimwona anatamani kitu ambacho hakuwa amekifanyia kazi, na kilikuwa mbele yake kimeiva.

"Andika nyingine," akasema hatimaye.

Nikaandika. Mzee akaniomba nimwekee alama kila mahali pa kucheka, nami nikaweka alama nyekundu. Ijumaa akasimama tena, na safari hii kila alipofika kwenye alama alisema "he, he," akangoja kidogo, kisha akaendelea. Aliongeza hata kukohoa kwa kejeli, kitu alichokuwa amejifunza sijui wapi. Nilitaka kumzuia. Lakini alikuwa akitoka jasho, na macho yake yalining'ang'ania, nikamwachia amalize.

Wasomaji ni watu wakatili, nami nawapenda kwa hilo.

"Mzee leo ni mgonjwa?"

"Ile ya kwanza ilikuwa moto. Hii ni mandazi ya juzi."

"Mwambieni asicheke, atuachie sisi."

Mkewe alituma sentensi moja tu: "Hii umeisoma kama mtu anayeogopa." Baada ya hapo hakutuma kitu tena. Hakumfungia simu. Alinyamaza, na mzee akaanza tena kukonda.

Shule zilipofungwa bosi aliamua familia iende Jeddah ikapunge upepo wa bahari. Mimi niliendesha siku nzima, watoto wakigombania dirisha nyuma, tukafikia kwa ndugu yake Al-Hamra, mitaa michache tu kutoka nyumba anayofanya kazi mke wa mzee. Mzee alikuwa amenipa mfuko: unga wa mahindi na majani ya chai ya kwetu, alivyovinunua soko la Batha. Hakunipa ujumbe wowote. Nilimuuliza nimwambie nini mama, akanijibu, "Mpe unga."

Mimi na mkewe tulipatana kwa simu. Mfanyakazi wa ndani hatoki ovyo, lakini takataka lazima zitupwe, na pipa lilikuwa kwenye kona nje ya ukuta. Baada ya chakula cha mchana nilisimama pale, shati limenishika mgongoni kwa ule unyevu wa Jeddah ambao sisi wa Riyadh hatuuzoei. Akaja, mwanamke mfupi wa mwendo wa haraka, mfuko mweusi katika kila mkono.

"Shemeji," akasema, akitupa mifuko bila kusimama, "ni wewe unayeandika?"

"Ni mimi."

"Unaandika vizuri. Mbaya ni kwamba unatuchekesha na vitu ambavyo tunaambiwa kweli. Mimi nimeambiwa nimetoroka. Na mtu ambaye yeye mwenyewe yuko Riyadh."

Nikamkabidhi unga. Aliupima mkononi, akaunusa juu ya karatasi, na uso ukalegea kidogo. Kisha akaniangalia.

"Aliposoma ile ya kwanza, alikuwa anacheka?"

Mimi nawajibu watu mia kwa siku chini ya makala zangu. Sijawahi kukosa la kumwambia mtu. Pale kando ya pipa nilikuwa na majibu mawili: moja uongo, na jingine lingemvunjia mzee nyumba yake kwa mdomo wangu mimi, mtu wa kando.

"Hilo muulize mwenyewe, shemeji."

"Basi umeshanijibu," akasema. Hakuonekana kushangaa. "Nimeishi na yule mtu. Hajui kucheka, alicheka mara moja tulipooana na hata hiyo alishikwa na aibu. Nilijidanganya siku mbili tatu, nikaona raha. Ile ya pili ndiyo ikanizindua."

"Sasa utafanya nini?"

"Nangoja aniambie yeye. Akiendelea kuniigizia, mkataba ukiisha naenda kwa mama. Hilo unaweza kumwambia au usimwambie."

Mlango wa ukuta ukafunguka na mtoto akaliita jina lake kwa Kiarabu. Akauweka mfuko wa unga chini ya mtandio, akaingia.

Nilimwambia. Njia nzima ya kurudi Riyadh nilijishauri nisimwambie, kisha nikaona kwamba kunyamaza nako kungekuwa kumchagulia. Tulipofika nilimkuta mzee chumbani anakunja nguo, nikamweleza yote pale pale, mkoba wangu ukiwa bado begani: alichouliza, nilichojibu, alichosema mwishoni. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Amekonda?" akauliza.

"Mzee, mimi sijawahi kumwona kabla. Nitajuaje?"

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kukunja nguo.

Ijumaa baada ya sala wale wawili wa zamu waliondoka, tukabaki mimi na yeye. Hakuvaa miwani, maana hakuwa na cha kusoma. Hakusimama pia. Aliketi ukingoni mwa kitanda, simu mkononi, kidole kikiwa juu ya kitufe. Nikainuka nitoke nje. Akanionyesha kwa mkono nikae. Nadhani alihitaji shahidi, au aliogopa kwamba akibaki peke yake hatabonyeza.

"Mama watoto," akasema. Ile sauti ya mikutano haikuwepo. Alizungumza kama mtu anayetafuta funguo gizani. "Ile ya kwanza sikuwa nacheka. Niliisoma kwa moyo wangu wote. Huyu ndugu aliandika mzaha, mimi nikaona ni kweli. Wenzako walipocheka nilikasirika sana. Halafu nimeisikiza. Nimeisikiza mara nyingi. Kuna mahali nasema mimi nimetafuta na wewe umetoroka. Nikajiuliza, mimi nilimuaga nani? Nilikuambia naenda Saudia asubuhi ile ile, mkoba ukiwa mlangoni, na ukanipikia uji nikaondoka. Wewe hukuniita mtoro."

Nilidhani amemaliza. Kidole hakikutoka kwenye kitufe.

"Ile ya pili nilijaribu kuchekesha ili usinifungie tena. Sijui kuchekesha. Ukitaka kufunga, funga. Lakini kabla hujafunga, kuna kitu sijakuuliza tangu ufike huko. Huwa unakula saa ngapi?"

Akaachia kitufe. Sauti ikaenda. Aliitazama simu kana kwamba anaweza kuirudisha, kisha akaiweka juu ya mto, uso chini.

Nilipika chai, tukanywa bila kugombana, na niseme wazi kwamba nilikuwa na hofu kama jambo lenyewe ni langu. Adhana ya alasiri ilipita. Nilijaribu kuandika, nikashindwa hata sentensi moja. Mzee alifagia chumba kilichokuwa kimefagiwa.

Simu ikalia. Aliichukua kwa mikono miwili. Mkewe alizungumza chini chini, kwa nyuma kulikuwa na maji ya bomba na sahani zikigongana.

"Nakula wakishamaliza kula wao. Leo wamekula mapema, nimesonga ule unga wako, nimekula nikiwa nimesimama." Maji yakafungwa. "Niulize lingine."

Mzee alikaa na simu mapajani. Midomo ilimcheza, ikatulia, ikacheza tena. Kisha akanigeukia mimi, mwandishi, mtu wa maneno, uso wote ukiwa ombi.

"Nimuulize nini?"

Nikamwambia hilo siwezi kumwandikia.